Mama Pini, Mlinganishaji wa Picha (1951–2019)

Ndugu, jamaa, majirani, na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kumsindikiza dada yetu: poleni, na asanteni. Anayesimama mbele yenu ni mdogo wake wa pekee. Nimefundisha shule ya msingi miaka thelathini na sita, kwa hiyo nikipaza sauti msidhani nawagombeza.

Marehemu alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1951, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga iliyopakana na ghala la mbao. Baba yetu alikuwa msomaji wa mita za maji. Mama yetu alishona nguo za watu pale pale nyumbani, cherehani ikiwa imeegemezwa mlangoni kwa sababu ndipo palipokuwa na mwanga. Marehemu alikuwa kifungua mimba. Baada yake walizaliwa wawili ambao hawakufikisha mwaka, kisha mwaka 1957 nikaja mimi, na kwa ajili ya hao wawili waliotangulia nililelewa kama yai. Sikutolewa nje. Dirisha letu lilitazama ukuta wa ghala, jua lilikuwa habari tunayosikia kwa majirani, na nilipofika miaka mitatu miguu yangu ilikuwa imepinda kiasi kwamba mbwa angeweza kupita katikati bila kunigusa. Watoto wa jirani wakanipa jina la Mabano.

Mama alinipeleka zahanati. Muuguzi akanipapasa magoti, akasema, "Huyu hakuzaliwa hivi. Mifupa yake imekosa vitamini. Mtoe nje apate jua, na kila siku mpe kijiko kimoja cha mafuta haya ya samaki."

Mama alikuwa na nguo za watu za kumaliza, kwa hiyo kazi ile ikamwangukia dada, naye alikuwa na miaka tisa. Kila asubuhi kabla ya kwenda shule alinibeba mgongoni hadi juu ya paa la saruji ambapo wapangaji walianika nguo, akanikalisha kati ya kamba, akakaa na mimi akikariri majedwali ya kuzidisha. Mama akiuliza, "Mdogo wako yuko wapi?" yeye hujibu, "Nimemwanika." Yale mafuta hata paka wa mwenye nyumba aliyanusa akaondoka. Nilikataa katakata kuyanywa. Basi dada akawa anakunywa kijiko chake kwanza, kila siku, mwaka mzima, huku akitabasamu na kusema, "Matamu!" Nimemfahamu miaka sitini na miwili na huo ndio uongo pekee niliowahi kumsikia akiusema.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1958, akamaliza shule ya msingi 1965, na kuanzia 1966 hadi 1969 alisoma sekondari ya wasichana. Alikuwa mzuri wa hesabu na jiografia. Biolojia ilimshinda, na nitasema jinsi ilivyomshinda kwa sababu mwenyewe alipenda kuisimulia. Katika mtihani wa kidato cha nne waliambiwa wachore chura aliyepasuliwa na kuonyesha viungo vyake. Marehemu alimchora chura yule kwa dakika hamsini. Alichora mpaka mikunjo ya ngozi. Kengele ikalia kabla hajaandika jina la kiungo hata kimoja. Mwalimu wake alimwambia baadaye, "Binti yangu, chura wako alikuwa anapumua. Lakini sikuweza kumpa maksi chura."

Kwa ajili ya chura huyo alipelekwa kwenye mafunzo ya uchoraji ramani, miaka miwili, 1970 na 1971, na tarehe 3 Januari 1972 aliajiriwa katika ofisi ya ramani. Wanawake walikuwa wawili tu katika ukumbi wa meza thelathini. Kazi yake ilikuwa kulinganisha picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege. Eneo moja linapigwa picha leo, linapigwa tena baada ya miaka mitano, na mchoraji anatakiwa kusema nini kimebadilika: barabara gani imeongezeka, mto umehama wapi, msitu umepungua kiasi gani.

Jambo linaonekana rahisi mpaka uweke picha mbili pamoja. Hazilali. Ndege iliinama kidogo mwaka ule, karatasi ilivutika kwa unyevu mwaka huu, na ukilinganisha vivi hivi utaona mji mzima umehama hatua ishirini kuelekea mashariki. Marehemu alifundishwa kutafuta kwanza vitu visivyohama: kona ya shule, njia panda, tangi la maji. Hapo anachoma pini. Pini kwa pini, picha ya pili inanyooshwa hadi ilale juu ya ya kwanza. Ndipo unaruhusiwa kuuliza ni nini kimebadilika. Alitembea na kikopo cha pini mfukoni mwa koti la kazi, na mara mbili alikaa kwenye kiti bila kukikumbuka, ndipo wenzake wakamwita Mama Pini kabla hajawa mama wa mtu yeyote.

Ofisi ile ilikuwa na chumba cha kuhifadhia filamu ambacho lazima kiwe baridi. Mwaka 1977 mashine ya ubaridi iliharibika, akaitwa fundi wa majokofu, kijana mrefu mwenye boksi la vifaa lililopakwa rangi nyekundu. Aliitengeneza kwa siku moja. Kesho yake akarudi kuikagua. Wiki iliyofuata akarudi tena, na wiki iliyofuata tena. Mara ya nne marehemu alimsimamia mlangoni, akamwambia, "Fundi, hii mashine imepona. Anayeumwa ni wewe."

Shemeji hakuwa mtu wa maneno mengi, na hata leo si mtu wa maneno mengi, lakini siku hiyo Mungu alimfungua kinywa. Alisema, "Basi niandikie dawa."

Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 16 Desemba 1978. Mungu aliwajalia watoto wawili, binti mwaka 1980 na mvulana mwaka 1983. Nyumbani kwao palikuwa na majokofu matatu, mawili ya watu na moja lao, na lao ndilo lililokuwa halifanyi kazi.

Mwaka 1984 ofisi ya ramani ilipunguza watu, na marehemu akawa mmoja wao. Alikaa nyumbani miezi kumi na mmoja. Alishona, kama mama, na hakupenda. Ndipo akasikia kuwa taasisi moja ya utafiti wa lishe inatafuta karani wa picha. Hakujua ni picha za nini. Alidhani ni za vitambulisho. Alianza kazi tarehe 7 Oktoba 1985.

Naomba mnivumilie kidogo hapa, maana wengi wetu tulimpenda miaka yote bila kujua alichokuwa akifanya. Aliwahi kunieleza mezani kwa kutumia vifuniko vya soda, nami nitajaribu bila vifuniko.

Mkuu wa maabara yake alikuwa daktari aliyechunguza vitamini D kwa kutumia vifaranga, na taasisi nzima ilimwita Daktari wa Kuku. Vifaranga wengine walinyimwa vitamini ile, wengine walipewa kidogo, wengine walipewa nyingi. Swali lilikuwa: vitamini ikiingia mwilini, inauamuru utumbo utengeneze protini gani? Vipande vya utumbo vililoweshwa katika lishe yenye mionzi hafifu, ili kila protini mpya ibebe alama. Kisha protini zikatandazwa kwenye ubamba mwembamba wa jeli, zikatengana, kila moja ikaenda mahali pake. Ubamba ulikaushwa na kubanwa juu ya filamu ya eksirei. Filamu ikisafishwa, unaona madoa, mia sita, mia saba, kama mvua iliyoanza kunyesha kwenye vumbi. Kila doa ni protini moja. Doa likiwa jeusi zaidi, protini hiyo inatengenezwa kwa wingi zaidi.

Jicho la mtu haliwezi kupima weusi wa madoa mia saba. Kwa hiyo taasisi ilileta kompyuta, kubwa kama kabati la nguo, yenye kamera iliyotazama chini kwenye kisanduku cha taa. Kamera inaisoma filamu, kompyuta inageuza kila doa kuwa namba, kisha inalinganisha filamu mbili na kuchapisha orodha ya madoa yaliyobadilika. Kazi ya marehemu ilikuwa kuweka filamu juu ya taa, kubonyeza, kuondoa, kuweka nyingine.

Mwezi wa Mei 1987 kompyuta ilitoa orodha iliyomfanya Daktari wa Kuku atembee kwenye ukumbi akipiga mluzi. Wakilinganishwa na walionyimwa, vifaranga waliopewa dozi ndogo walikuwa na madoa manne yaliyobadilika. Waliopewa dozi kubwa walikuwa na ishirini na matatu. Maana yake, alisema, dozi kubwa inaamsha kazi ambazo dozi ndogo haiziamshi kabisa. Aliandika ripoti. Akaandika na barua kwa kliniki ya watoto iliyokuwa ikitibu matege, akapendekeza kuwa kuanzia tarehe mosi Julai watoto wajaribiwe dozi kubwa. Kliniki ikakubali.

Marehemu aliichukua orodha ile, akaenda nayo kwenye filamu yenyewe, akazungushia madoa ishirini na matatu kwa penseli ya nta. Kumi na tisa kati yake yalikuwa kona moja, chini kulia.

Alikwenda kwa Daktari. Mazungumzo yale nimeyasikia kutoka kwake na kutoka kwa Daktari mwenyewe, na hayatofautiani.

"Daktari, mabadiliko karibu yote yamekaa kona moja."

"Ndiyo. Labda protini za aina ile ndizo zinazoitikia."

"Au jeli imevutika kona ile. Nyumba hazijahama, karatasi ndiyo imehama."

Daktari alivua miwani. "Mama Pini, mashine haina upendeleo."

"Haina. Lakini inalinganisha mahali, hailinganishi doa. Doa likisogea kidogo, inaona hapa limepotea na pale limezaliwa jipya."

"Wewe umesoma biolojia mpaka wapi?"

"Nilipata sufuri, Daktari. Lakini karatasi ikivutika naijua."

Hapo wengine tungenyamaza, maana tulikuwa tumeshasema. Marehemu alirudi siku ya tatu na filamu mbili. Alikuwa amechukua utumbo wa kifaranga mmoja, ukagawanywa nusu kwa nusu, ukapitishwa kwenye jeli mbili tofauti. Aliipa kompyuta izilinganishe. Ni kifaranga yule yule, wa siku ile ile, na kompyuta ikachapisha mabadiliko kumi na saba.

"Daktari," alisema, "huyu tumemlinganisha na nafsi yake. Amebadilika mara kumi na saba. Amekuwa nani?"

Daktari hakucheka. Alikuwa ameshatangaza matokeo, alikuwa ameshaalikwa kwenye mkutano, na hakuna mtu anayependa kuulizwa swali kama hilo na karani mbele ya wanafunzi wake wawili. Jumatatu iliyofuata marehemu alikuta meza yake imehamishiwa chumba cha chupa. Kwa wiki tatu alibandika lebo.

Ninakumbuka Jumamosi moja ya wiki zile. Nilikuwa nimekuja kumtembelea, yeye anapiga pasi, shemeji yuko sakafuni na mashine ya jokofu imefumuliwa kwenye gazeti. Dada alisema, bila kumtazama yeyote, "Nikinyamaza, nitarudishwa kwenye kompyuta."

Shemeji akaendelea na bisibisi yake. Kisha akauliza, "Ukirudishwa, utakuwa unaweka filamu gani?"

"Zile zile."

"Na ile dozi kubwa ikizidi kwa mtoto, inafanya nini?"

"Chokaa inajaa kwenye damu. Inaharibu figo."

Dada alimaliza shati lile, akalitundika, akachomoa pasi kwenye umeme na kwenda kutafuta karatasi.

Barua yake ilikuwa ya ukurasa mmoja, na picha mbili zimebanwa nyuma. Aliipeleka mwenyewe mezani kwa Daktari siku ya Jumatano, akamwambia, "Sitapita nyuma ya mgongo wako. Nakala itakwenda kwa mkurugenzi Jumatatu. Una siku nne za kunionyesha nimekosea, na nikiwa nimekosea nitabandika lebo mpaka nistaafu."

Jumapili asubuhi, tarehe 21 Juni, tulikuwa tumekaa kwa dada kunywa chai, mlango ukagongwa. Alikuwa Daktari wa Kuku, amevaa suti, amekuja kwa miguu. Alikataa kiti. Alisema, "Mama Pini, nimemlinganisha yule kifaranga na nafsi yake. Nimerudia mimi mwenyewe, kwa mikono yangu."

"Umepata ngapi?"

"Kumi na tisa."

"Mimi nilipata kumi na saba."

"Basi mimi nimekosea kukuzidi," akasema, na ndipo akakubali kukaa.

Walizungumza kwa muda wa saa mbili. Ilijulikana kuwa mashine ya kukaushia jeli ilipata joto zaidi upande mmoja, na jeli zote za dozi kubwa zilikaushwa wiki ambayo mashine hiyo ilizidi joto. Daktari bado alikuwa anajitetea kidogo kidogo, mara labda madoa machache ya kona ile ni ya kweli, mara labda kliniki ianze wakati yeye anahakiki. Dada akasimama. Akanishika bega, akaniambia, "Simama." Nikasimama. Nilikuwa mwalimu mzima wa miaka thelathini, nimevaa kaptura ya nyumbani.

"Daktari, huyu ni mdogo wangu. Tazama miguu yake. Hii imenyooka kwa kijiko kimoja na jua la asubuhi, na haikunyooka yote. Wanaokwenda kupewa ile dozi wako hivi, ila wana miaka mitatu. Hawatakuuliza asilimia."

Sijawahi kutazamwa magoti kwa heshima kiasi kile. Daktari aliyatazama muda mrefu. Kesho yake aliandika barua mbili, moja ya kuifuta ripoti na nyingine ya kuisimamisha kliniki, na marehemu akarudishwa chumba cha picha.

Kazi ya kweli ndipo ilipoanza. Marehemu alichagua madoa ishirini ambayo hayakubadilika kwa kifaranga yeyote, awe amepewa vitamini au hakupewa, akayafanya pini zake. Mtaalamu wa kompyuta aliyekuja taasisi mara mbili kwa wiki aliandika maagizo ya kuifundisha mashine kuzinyoosha filamu kwanza kwa pini hizo, na kulinganisha baadaye. Iliwachukua miezi kumi na minne. Mwishowe, kifaranga alipolinganishwa na nafsi yake, mashine ilichapisha karatasi nyeupe tupu. Marehemu aliileta nyumbani karatasi ile kutuonyesha. Mwanawe, aliyekuwa na miaka mitano, aliigeuza huku na huku akauliza, "Mbona hakuna kitu?" Mama yake akasema, "Ndiyo raha yenyewe."

Matokeo yalikuwa madoa matano. Manne yaliongezeka weusi na moja lilipungua, na yalikuwa yale yale kwa dozi ndogo na dozi kubwa. Dozi kubwa haikuongeza lolote. Kliniki ikabaki na dozi ndogo. Hayo ndiyo yaliyogunduliwa. Hakuna gazeti lililoandika, kwa kuwa hakuna mwandishi wa habari anayekuja kuandika juu ya watoto ambao hawakudhurika.

Ripoti mpya ilitoka Machi 1989, na jina la marehemu halikuwemo mahali pa mwandishi. Lilikuwa mwishoni, kwa herufi ndogo, katika shukrani, "kwa msaada wa picha." Nitasema kweli: iliumiza. Aliinunulia ripoti ile bahasha, akaiweka chini ya kitanda, na kwa miaka haikuguswa. Alifanya kazi na Daktari huyo huyo, akamsalimia kila asubuhi, akamnyooshea filamu zake. Mwaka 1991 alifanywa mkuu wa chumba cha picha. Alifundisha vijana wengi, na wengi wao wapo hapa, na kila mmoja wao siku ya kwanza alipewa picha mbili za kifaranga mmoja na kuulizwa nini kimebadilika. Walioandika kurasa tatu alicheka nao mpaka wakacheka wenyewe.

Daktari alistaafu mwaka 1998. Katika sherehe ya kumuaga, baada ya hotuba zote, alisimama na kusema, "Kuna ripoti yangu moja ambayo watu huisifia. Iliandikwa na watu wawili, na mimi niliandika jina la mmoja. Mwingine amekaa pale, mwenye kikopo mfukoni." Wakati wa kurudi nyumbani kwenye basi, karibu na kituo chetu, dada akasema, "Miaka tisa. Lakini amefika." Daktari yupo hapa leo, mstari wa tatu, ana miaka themanini na minne. Aliniomba nisimtaje. Daktari, samahani, nimekutaja.

Marehemu alistaafu tarehe 31 Machi 2011. Alilima maua kwenye madebe, akasaidia kulea wajukuu, akawa mtu wa kuitwa kila fundi anapodai amenyoosha ukuta.

Mwaka 2017 alianza kuchoka. Ngazi zikawa ndefu, miguu ikavimba jioni. Mwezi Februari 2018 daktari kijana hospitalini alitundika eksirei mbili za kifua chake, ya mwaka uliopita na ya siku ile, akamwambia kwa upole kuwa moyo umepanuka. Marehemu alizitazama. Akauliza, "Mwanangu, hizi zimepigwa kwa umbali mmoja?" Kijana wa watu akaenda kuuliza. Hazikuwa. Zikapigwa upya, vizuri, umbali mmoja, mgonjwa amesimama vile vile. Moyo ulikuwa umepanuka vile vile. Dada akasema, "Sawa. Sasa nimeamini," akavaa viatu vyake tukaenda nyumbani. Dawa alizimeza bila kukosa, chumvi aliiacha, na binti yake, ambaye ni muuguzi, alimwangalia kwa namna ambayo hospitali kumi zisingeweza.

Mwezi uliopita, alipolazwa mara ya tatu, aliniambia niandike wasifu huu yeye akiwa bado hai. Nikasema, "Dada, usiseme hivyo." Akasema, "Wewe ni mwalimu wa lugha. Nikikuacha, utaniremba." Nikaandika, nikampelekea, akaomba penseli. Nilikuwa nimeandika "mwanasayansi mashuhuri", alikata, akaandika "mkuu wa chumba cha picha." Nilikuwa nimeandika "alipendwa na watu wote", pembeni akaandika, "Umewahesabu?" Alisoma mpaka mahali pa kustaafu, akachoka. Akasema nimsomee kurasa zilizobaki siku ya Ijumaa.

Alifariki Alhamisi, tarehe 8 Agosti 2019, saa nne na dakika ishirini asubuhi, wodini, akiwa na miaka sitini na minane. Shemeji alikuwa amemshika mkono, binti yake alikuwa upande wa pili. Alikuwa ameomba dirisha lifunguliwe na pazia lisogezwe, kisha akamwambia mumewe, "Umekula?" Shemeji akajibu, "Bado." Akasema, "Nenda ukale." Hakwenda. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho, na muuguzi wa zamu alipokuja kuangalia, shemeji alikuwa bado anamjibu kwamba atakula, atakula sasa hivi.

Marehemu ameacha mume, fundi wa majokofu, waliyeishi naye miaka arobaini na miezi minane, binti mmoja, muuguzi, mtoto mmoja wa kiume, fundi umeme, mkwe wa kiume na mkwe wa kike aliowaita wanangu bila kutofautisha, wajukuu watano, mdogo kabisa akiwa na miezi saba, wifi yake, yaani mke wangu, aliyegombana naye juu ya kila kitu na kulia kuliko sisi sote, wafanyakazi wenzake, na mimi. Katika chumba kile cha nyuma tulikuwa wanne. Sasa ninayekumbuka sauti ya mama yetu ni mimi peke yangu, na juzi nilipotaka kuuliza wimbo gani alikuwa akiimba akishona, nilikuwa nimeshashika simu kabla sijakumbuka kuwa hakuna wa kumpigia.

Dada, kazi umeimaliza na umeimaliza vizuri. Mungu akupokee. Pumzika, pumzika kwa amani.